Urefu wa Kamba: Maji ya Chini ya Ardhi katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma hadi ghuba ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado ambao haupaswi kuchanganywa na kisiwa cha Pemba cha Zanzibar, watu wengi wa pwani wamekunywa maji ya kisima tangu vijiji vyao vianze kuwepo. Mito ipo: Ruvuma wenyewe kaskazini, Messalo katikati, Montepuez kusini. Lakini kati ya mdomo mmoja na mwingine kuna mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na mito midogo iliyomo humo hukauka mvua zinapokwisha. Visiwani hakuna mto hata mmoja. Kwa hiyo historia ya makazi ya pwani hii, nani aliweka mji wapi na nani aliuhama, kwa sehemu kubwa ni historia ya kina cha maji chini ya miguu ya watu.

Mvua ya huku hainyeshi kwa mpangilio anaoujua msomaji wa Mombasa au Unguja. Hakuna masika na vuli. Kuna msimu mmoja tu, unaoanza kaskazi ikiwa imeshika, kwenye Desemba, na kwisha Aprili. Kusi inapoingia huleta ukavu wa miezi sita au saba. Jumla ya mwaka si haba, maana sehemu nyingi za pwani hupata milimita 800 hadi 1,000, lakini yote humwagika kwa mkupuo, kisha ardhi hubaki ikiishi kwa akiba. Akiba hiyo ndiyo maji ya chini ya ardhi. Mwezi wa Mei visima hujaa kuliko wakati wowote. Novemba, kabla ya mvua mpya, kamba hulazimika kuongezwa.

Kamba huongezwa kiasi gani? Hilo hutegemea mwamba. Ukanda wa bahari na visiwa vyake ni jiwe la matumbawe, miamba ya kale iliyoota chini ya maji na kuachwa juu bahari ilipopungua. Nyuma yake, kuzunguka Palma na Mocímboa da Praia, kumelala mchanga na changarawe za rangi ya kutu ambazo wanajiolojia huziita tabaka la Mikindani, kwa jina la mji wa Mtwara ulio ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa tabaka ni lile lile pande zote mbili za Ruvuma. Nyuma zaidi ardhi hupanda hadi uwanda wa juu wa Wamakonde, wenye mji wa Mueda, unaopita mita 800 juu ya usawa wa bahari. Magharibi, kuelekea Montepuez, huanza miamba migumu ya kale, yenye vilima vya mawe matupu vinavyochomoza nyikani. Huko maji hupatikana katika nyufa tu, na mchimbaji anaweza kukosa kabisa hatua 20 kutoka mahali mwenzake alipopata.

Matumbawe ndiyo yenye maajabu zaidi. Jiwe hilo limejaa matundu, na mvua ikinyesha haikai juu hata saa moja. Huzama moja kwa moja. Chini yake kuna bahari, kwa sababu maji ya chumvi nayo hupenya humo kutoka pande zote za kisiwa. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, yakiwa na umbo la dengu: nene katikati ya kisiwa, jembamba ukingoni. Hesabu ya jambo hili iliandikwa mwishoni mwa karne ya 19 na Mholanzi Badon Ghyben, na mwaka 1901 na Mjerumani Herzberg aliyekuwa akitafuta maji kwenye kisiwa cha Bahari ya Kaskazini. Walionyesha kwamba kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa mkaaji wa kisiwa habari hii ni njema na ya kutisha kwa pamoja. Maji yakisimama nusu mita tu juu ya bahari, chini kuna akiba ya mita 20. Lakini yakishuka sentimita 10 kwa kuchotwa mno, chumvi hupanda mita 4 kutoka chini, na hakuna anayeiona ikija.

Wachimbaji wa visima wa pwani hawakuwa na hesabu hiyo, lakini kazi yao inaonyesha kwamba walilielewa jambo lenyewe. Kisima cha kisiwani hakichimbwi kirefu. Mchimbaji hukata jiwe mpaka akutane na maji, huongeza kidogo ili ndoo izame, kisha huacha. Anayeendelea kushuka kwa tamaa ya maji mengi huyaharibu. Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mdomo huinuliwa ili maji ya mvua yasirudishe uchafu. Kwenye visima vya zamani jiwe la mdomo lina mifereji myembamba, laini kama iliyopigwa msasa: ni alama za kamba za makumbi zilizopita hapo kwa vizazi, ndoo baada ya ndoo. Maji hutekwa kutoka juu, polepole, asubuhi na jioni, na kati ya nyakati hizo kisima huachwa kipumue. Kilicho karibu na ufuko hupanda na kushuka pamoja na bahari. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani hii hufikia karibu mita 4. Kisimani mwendo huo hufika umechelewa na umepungua, lakini hufika. Anayeteka hapo kila siku hujua saa ya maji matamu na saa ya maji yenye ukakasi.

Kisiwa cha Quirimba, ambacho jina lake lilienea kwa funguvisiwa lote, kilikuwa na mji wa Waislamu wafanya biashara kabla ya Wareno kuushambulia na kuuchoma katika miaka ya 1520. Mwishoni mwa karne hiyo, kuanzia 1592, aliishi hapo padri wa Kidominika João dos Santos, ambaye kitabu chake Ethiopia Oriental kilichapwa Évora mwaka 1609. Visiwa alivyovijua vilikuwa vikilima na kufuga, na vilijulikana kwa nguo za rangi zilizoitwa za Maluane. Kilimo, mifugo na utiaji rangi vyote vinataka maji, na yote yalitoka katika dengu ile ile inayoelea juu ya chumvi.

Tofauti na kusini inasaidia kuelewa. Kisiwa cha Msumbiji, mji mkuu wa Wareno katika pwani hii kwa karne nyingi, ni kidogo na chembamba mno kuweza kushika akiba ya kutosha. Watu wake walitegemea maji yaliyovushwa kutoka bara na mvua iliyokusanywa juu ya mapaa na kuhifadhiwa katika mabirika. Birika kubwa la ngome ya São Sebastião lilitumika hadi nyakati zetu. Mji wa kisiwa cha Ibo, ambao ulikua katika karne ya 18 na kupewa ngome ya São João Baptista mwaka 1791, ulikuwa na bahati bora kwa kuwa na ardhi pana zaidi. Wavuvi wanaohamahama na kaskazi na kusi huvijua vizuri visiwa vidogo zaidi vya kaskazini: kile chenye kisima huwa kijiji, na kisichokuwa nacho hubaki dago, kambi ya kuanikia samaki ambapo maji hubebwa chomboni, zamani kwa mitungi na sasa kwa madumu ya plastiki. Ramani ya makazi ya visiwa hivi ingeweza kuchorwa na mtu anayeonja maji tu.

Katika miji ya Waswahili kisima na msikiti huenda pamoja. Udhu unahitaji maji, na aliyetaka thawabu ya kudumu alichimba kisima akakiweka wakfu. Ndiyo sababu wanaochunguza miji iliyohamwa ya pwani ya Afrika Mashariki huvitazama visima kwa makini: kisima kilichoongezwa kina ni ushahidi kwamba maji yaliwahi kushuka. Huko Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kufukua mwaka 1948, visima vilivyochimbuliwa zaidi vimetajwa miongoni mwa dalili kwamba kupungua kwa maji kulisaidia kuuhamisha mji. Kwa Cabo Delgado uchunguzi wa aina hiyo ungekuwa na thamani kubwa, hasa katika visiwa vya Matemo na Quirimba. Ugumu ni kutenganisha sababu, maana mwanzoni mwa karne ya 19 mashua za Wasakalava kutoka Madagaska zilivamia visiwa hivi mara kwa mara kutafuta watumwa, na kijiji kilichohamwa kwa hofu huacha magofu yanayofanana na ya kijiji kilichohamwa kwa kiu.

Hofu hiyo hiyo ya kukamatwa, pande za bara, iliwapeleka watu mbali na maji kwa makusudi. Uwanda wa Wamakonde ni mchanga na mawe laini ya mchanga. Mvua yake huzama chini kabisa, hupita mpaka kwenye tabaka lisilopenyeka, kisha hutokea pembeni mwa uwanda, chini ya miteremko mikali, kama chemchemi. Juu hakuna kijito. Hata hivyo Wamakonde walijenga huko juu, ndani ya vichaka vizito ambavyo misafara ya watumwa haikuviingia kirahisi. Masimulizi yao ya asili, yaliyoandikwa na wageni mapema katika karne ya 20, akiwemo Karl Weule aliyefika Newala mwaka 1906, yanaeleza jambo hilo kwa njia yake: mtu wa kwanza alichonga mti kwa umbo la mwanamke, umbo likapata uhai, wakaoga mtoni, na mtoto wao akazaliwa amekufa. Wakahamia juu zaidi, wa pili naye akafa. Walipofika juu kabisa, mbali na mto, wa tatu akaishi. Homa za mabondeni zinatosha kulifanya onyo hilo liwe la busara hata kwa asiyeamini hadithi. Lakini gharama yake iliwekwa juu ya vichwa vya wanawake, walioshuka mteremko alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa kali.

Ng'ambo ya Ruvuma, Newala, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kusukuma maji kwa mabomba hadi juu ya uwanda katika miaka ya 1950, na mradi wa maji wa Makonde bado ni jina linalojulikana na kila mtu wa Mtwara. Upande wa Msumbiji vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 vilibadili kila kitu. Wareno waliwakusanya watu katika vijiji vya ulinzi, na baada ya uhuru wa 1975 serikali ya Frelimo nayo ikawakusanya katika vijiji vya pamoja. Vijiji vikubwa juu ya uwanda usio na maji vilifanya safari ya kisima kuwa ndefu zaidi na foleni kuwa kubwa zaidi. Pampu zilizosukuma maji kutoka bondeni zikawa jambo la kufa na kupona.

Kwa sababu hiyo Mueda imeacha mojawapo ya rekodi makini zaidi kuhusu maji vijijini barani Afrika. Mwaka 1987 Sandy Cairncross, mhandisi, na Julie Cliff, daktari aliyefanya kazi Msumbiji kwa miaka mingi, walichapisha matokeo ya utafiti uliolinganisha vijiji viwili vya uwandani. Namaua kilikuwa na bomba la kijiji. Itanda hakikuwa nalo. Namaua mwanamke alitumia wastani wa dakika 25 kwa siku kwa kazi ya maji; Itanda alitumia dakika 131. Itanda kila mtu alitumia wastani wa lita 4.1 kwa siku, na Namaua lita 11.1. Takwimu hizo zikigeuzwa kuwa ndoo zinaumiza: nyumba ya watu watano katika Itanda ilikunywa, ikapika, ikaosha vyombo na kunawa kwa ndoo moja ya lita 20 kutwa nzima. Namaua nyumba kama hiyo ilikuwa na karibu ndoo tatu, na ziada ilikwenda hasa kwenye kuoga, watoto kwanza. Ugonjwa wa macho wa trakoma, ambao huenea pale nyuso zisiponawishwa, ulikuwa Namaua takriban nusu ya ulivyokuwa Itanda. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa kina cha maji kilichogeuka kuwa upofu.

Mwaka huo huo wa 1987 Kurugenzi ya Taifa ya Maji ilitoa ramani ya maji ya chini ya ardhi ya Msumbiji nzima, kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000, pamoja na kitabu cha maelezo cha Ferro na Bouman. Ramani hiyo ilikusanya mahali pamoja habari za visima zilizokuwa zimetapakaa katika majalada, na mpaka leo ndiyo mwanzo wa karibu kila kazi ya uchimbaji. Ilitoka wakati nchi ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika 1992, ambapo wapimaji hawakuweza kufika wilaya nyingi. Kipimo chake nacho ni kidogo: milimita moja ya karatasi ni kilomita nzima ya ardhi, na kisiwa kama Ibo huwa nukta. Sheria ya Maji namba 16/91 ya Agosti 1991 iliyafanya maji ya chini ya ardhi kuwa mali ya dola na kuweka misingi ya wakala za kanda, ikiwemo ya kaskazini, ARA-Norte. Vijijini kilichoonekana ni pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyobuniwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980 ili iweze kufunguliwa na kutengenezwa na wanakijiji wenyewe, na kuteka maji kutoka kina cha hadi mita 45 hivi. Juu ya uwanda wa Mueda kina hicho hakitoshi. Kwenye mchanga wa Palma kinatosha na kuzidi.

Upimaji wa kiwango cha maji, kwa maana ya kitaalamu, ni kazi rahisi kuifanya mara moja na ngumu kuidumisha. Mpimaji huteremsha utepe wenye alama za sentimita na kichwa chenye nyaya mbili. Kichwa kikigusa maji, umeme hupita na kengele hulia, naye husoma urefu kutoka mdomo wa kisima. Anayekosa kifaa hicho hufunga kizito chenye tundu chini ya utepe na kusikiliza sauti kinapopiga maji. Visiwani kipimo cha pili ni lazima: uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha chumvi. Kusoma mara moja hakusemi lolote, kwa sababu kisima cha Mei na cha Novemba ni vitu viwili, na kisiwani hata saa ya bahari lazima iandikwe kando ya namba. Kinachohitajika ni mtu yule yule, kisima kile kile, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Pwani hii haijapata utulivu wa namna hiyo.

Ugunduzi wa gesi baharini kuanzia 2010 uliifikisha kazi ya upimaji kwenye rasi ya Afungi, wilaya ya Palma. Tathmini ya athari kwa mazingira iliyoidhinishwa 2014 ilijumuisha uchunguzi wa maji ya chini ya ardhi, kwa kuwa mitambo, kambi za maelfu ya wafanyakazi na kijiji kipya cha Quitunda, kilichojengwa kwa ajili ya watu wa Quitupo waliohamishwa, vyote vingeteka kutoka mchanga ule ule. Lakini Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa na wapiganaji wenye silaha, mwaka 2020 ikatekwa kwa mwaka mzima, na Machi 2021 zamu ikawa ya Palma. Watu karibu milioni moja walikimbia makwao katika kilele cha vita. Wengi walipanda mashua kwenda Matemo, Quirimba na Ibo. Visiwa vilivyokuwa na maji ya kuwatosha wenyeji wake vikapokea maelfu juu ya dengu ile ile, na visima vilivyokuwa vikipumzika mchana vikatekwa mfululizo.

Kabla ya hapo kulikuwa na kimbunga. Kenneth kilipiga kati ya Ibo na Macomia tarehe 25 Aprili 2019, kwa upepo wenye nguvu ambayo haikuwa imewahi kurekodiwa katika pwani hii. Bahari ilipanda juu ya maeneo ya chini, vyoo vya shimo vikafurika, na katika jiwe la matumbawe kilichomo chooni hufika kisimani haraka kuliko katika udongo wowote. Siku chache baadaye kipindupindu kilitangazwa Pemba. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari hakifai kukaushwa kwa pampu kwa haraka, ingawa ndilo jambo la kwanza mtu hutaka kulifanya. Kuvuta kwa nguvu huita chumvi nyingine kutoka chini. Uchafu huondolewa, dawa ya klorini hutiwa, maji hutekwa kidogo kidogo, na mvua huachiwa kusukuma chumvi irudi chini, kazi inayoweza kuhitaji msimu mzima au zaidi.

Mji wa Pemba wenyewe, ulioanzishwa na Kampuni ya Nyasa mwaka 1904 kwa jina la Porto Amélia na ukachukua nafasi ya Ibo kama makao makuu, hunywa maji yasiyo yake. Umesimama juu ya rasi kavu, na bomba lake hutoka katika visima virefu vya Metuge, upande wa pili wa ghuba. Metuge ndiko walikopokewa maelfu ya wakimbizi wa kaskazini. Kambi zao zimechimbiwa visima vya pampu za mkono katika wilaya ile ile ambayo mashine za mji huvuta usiku na mchana, na wote hao, wa kambini na wa mjini, wanaishi kwa mvua moja inayonyesha kati ya Desemba na Aprili.

Mwezi wa Novemba, katika kisima cha zamani cha kisiwani, maji huwa kipande cha mwanga chini ya kivuli, na ndoo hugonga jiwe kabla ya kujaa. Mwanamke anayeteka huiinamisha kwa mzungusho wa kamba ili iingize maji ya juu tu, huivuta, huonja kwa kiganja, kisha huamua kama ni ya kunywa au ya kufulia.